Gumba au Kidole

Kitendawili. Usinijibu tega huku umegeuka, nitazame. Kikienda moja kwa moja hakifiki. Kikienda kombo ndicho kinachofika. Ni nini?

Umesema mto. Si mto. Umesema mwanasiasa; hapo umenichekesha, lakini si yeye. Umeshindwa, nipe mji. Na usinipe Blackpool, huko nilikwenda nikarudi na mafua. Umenipa Manchester? Haya, nimekwenda Manchester, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni tufe la Harrowclough.

Ni tufe jeusi la mbao, kubwa kama kichwa cha kabichi changa, linalotupwa katika uwanja wa nyasi nyuma ya baa ya Kondoo Mweusi. Uwanja wenyewe una nundu katikati kama ng'ombe, na tufe limechongwa likawa zito ubavu mmoja. Kwa hiyo ukilielekeza kwenye shabaha linakukimbia. Ukilielekeza kando linakwenda, linapanda nundu, linafikiri kidogo, halafu linarudi nyumbani lenyewe. Shabaha ni tufe jingine dogo, wanaliita jeki, nalo pia ni zito ubavu mmoja, lina akili zile zile mbovu.

Ubavuni mwa tufe pana doa. Ukishika doa likiwa upande wa gumba, tufe litakata kushoto. Likiwa upande wa kidole cha mwisho, litakata kulia. Gumba au kidole, basi, hakuna la tatu. Watoto wa Harrowclough hulijua hilo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Na Jumamosi ile ya fainali, asubuhi, Wilf Haslam, aliyecheza mchezo huu tangu enzi za kaptula, alisimama sebuleni kwake na tufe mkononi, na hakujua.

*

Aliligeuza, akaligeuza tena. Akaliweka juu ya kiti akaenda kufungua mtoto wa meza, akafungua kabati la sahani. Nora, mkewe, alikuwa nyuma yake akifunga kila alichokifungua, maana ndivyo walivyokuwa wakiishi siku hizo, mmoja anafungua na mmoja anafunga.

"Unatafuta nini, Wilf?"

"Begi la matufe."

"Liko begani mwako."

Wilf alijipapasa, akalikuta. Akacheka. "Nilikuwa nakupima," akasema.

Hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila jambo. Akimwita Nora kwa jina la dada yake, alikuwa anampima. Akitia chumvi kwenye chai, alikuwa anampima. Hata daktari alipomuuliza leo ni siku gani, Wilf alimtazama kidevu akamwambia ni siku ya wewe kunyoa ndevu, na daktari akacheka, lakini aliandika. Kisha akamwita Nora pembeni, akamwambia mambo ambayo Nora alirudi nayo nyumbani ndani ya basi bila kumwambia mtu, mpaka yalipomshinda, akamwambia Thelma.

Thelma ni binti yao. Aliolewa, ndoa ikavunjika, akarudi katika chumba chake cha usichana kilicho juu ya mlango wa mbele. Anafanya kazi katika duka la maandazi ya nyama kule karibu na mfereji, na mikono yake ina nguvu za kukanda unga. Asubuhi ile alikuwa jikoni akikaanga nyama ya nguruwe na mikate ya shayiri. Nora aliingia, akafunga mlango, akausukuma tena kuhakikisha.

"Nina ombi," akasema. "Usinikatize mpaka nimalize."

Thelma aliweka uma chini. Nora hakuanza. Alichukua kitambaa akafuta meza iliyokuwa safi, akafuta na bomba.

"Baba yako amefika fainali mara nne," akasema hatimaye, "na mara zote nne amenyweshwa chai. Baba yake yuko kwenye ubao wa washindi pale baa mara tatu kwa dhahabu, yeye hayupo. Leo ni ya mwisho, Thelma. Mwakani atakuwa hajui uwanja uko wapi. Ningemwomba mtu mwingine, lakini Mungu kapenda mpinzani wake fainali awe wewe. Kwa hiyo nakuomba wewe."

"Unataka nishindwe kwa makusudi."

"Nataka ukosee upande. Mara moja, mwishoni. Shika gumba palipo kidole, basi. Kila mtu hukosea. Kasisi alikosea mwaka juzi mbele ya askofu, na hakuna aliyemuuliza."

"Na baba akijua?"

"Hajui kama leo ni Jumamosi, atalijuaje hilo?"

Nyama iliungua upande mmoja. Thelma hakukubali wala hakukataa. Aliigeuza ile nyama, akaipakua, akatoka na sahani, na Nora akabaki akifuta bomba. Kimya cha bintiye alikihesabu kuwa ni ndiyo. Akina mama tuna hesabu hiyo.

*

Sasa nikwambie kwa nini watu wazima wanaumizana mioyo kwa ajili ya birika, maana tuzo yenyewe ni birika, na si zuri. Ni la shaba, tumbo limebonyea, mkono umetiwa waya.

Lilikuwa la Hannah Pilling, mjane aliyekuwa na baa ya Kondoo Mweusi zamani za bibi yake bibi yangu. Mwaka huo matajiri wa kiwanda cha nguo waligombana na wafumaji, wakafunga lango kwa kufuli. Wanaume wakawa hawana pa kwenda. Walikuja Kondoo Mweusi wakakaa na bilauri tupu wakitikisa magoti, na hakuna kitu kinachomchosha mwanamke kama wanaume wasio na kazi wanaotikisa magoti. Hannah akachukua birika lake, akaliweka kwenye ngazi inayoelekea uwanjani, akasema atakayewashinda wote kwa matufe akae nalo mpaka mwakani. Wakacheza wiki nzima. Aliyeshinda aliitwa Amos Duxbury. Alipewa birika, akasimama nalo, akakumbuka kwamba nyumbani hana majani ya chai. Yule aliyeshindwa alikuwa na majani kidogo, ameyafunga kwenye karatasi mfukoni. Basi wakachemsha, Amos akammiminia mwenzake kwanza, wakanywa.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi. Mshindi humchemshia mshindwa chai kwa mkono wake, humiminia mbele ya watu, na kushindwa fainali Harrowclough huitwa kunyweshwa chai. Kiwanda kilifunguliwa, kikafungwa tena, sasa kinauza mazulia. Vita vilikuja mara mbili na mashindano hayakusimama. Walicheza wazee na wenye mguu mmoja. Mwaka mmoja theluji ilianguka wakati wa majira ya joto, wakaifagia wakacheza. Majina yako kwenye ubao ndani ya baa, na kila jina ni la mwanamume, kwa sababu kazi ya wanawake ilikuwa kukata mikate.

Mpaka wanawake walipochoka na mikate wakataka nao kucheza. Kamati ikasema basi, tupige kura, wanaume tu, kwa mbaazi. Mbaazi ya kijani ni kukubali, mbaazi nyeusi ni kukataa, na kila mmoja apite kwenye chumba cha nyuma atumbukize yake katika birika la Hannah. Zilipomwagwa mezani, za kijani zilizidi kwa moja. Moja tu! Kesho yake kila mwanamume wa Harrowclough alikuwa anamwapia mkewe kwamba ile moja ilikuwa yake. Ungezihesabu mbaazi za viapo, birika lisingetosha.

Wilf peke yake hakuapa. Thelma alimuuliza usiku ule, mbaazi yako ilikuwa rangi gani, baba? Wilf akamjibu kwamba mbaazi ni mbaazi, zote huliwa kwa siki. Kila mwaka birika likitolewa kabatini Thelma alimuuliza tena, na kila mwaka alipewa siki. Lilikuwa limekuwa jambo la kutaniana. Ila mwaka huu halikuwa la kutaniana tena, kwa sababu Thelma alianza kuogopa kwamba jibu lenyewe litapotea humo humo ndani ya baba yake, kama begi lililo begani. Asubuhi ile, alipomwekea sahani, alimuuliza.

Wilf alitafuna polepole. "Hii nyama umeichoma," akasema.

*

Walitembea watatu hadi Kondoo Mweusi, Wilf mbele. Alikuwa anakwenda upesi, anasimama, anageuka kuwatazama, anakwenda tena. Langoni alikuwapo Seddon, mwenye baa, ambaye ndiye pia mpimaji, na mkewe, na wote wawili walikuwa wamevaa ule uso ambao watu huvaa hospitalini.

"Mzee yuko sawa leo?" Bibi Seddon akamuuliza Thelma. "Tumwekee kiti? Jua likimpiga je?"

"Muulize mzee," Wilf akasema. "Huyu hapa, amesimama mbele yako."

Bibi Seddon akaona haya, akamwambia samahani Wilf, na katika kuona haya akasema kwa sauti kubwa na taratibu, kama anaongea na kiziwi. Seddon naye akamvuta Thelma pembeni, si mbali vya kutosha, akamwambia kamati imefikiri, ikiwa familia inataka, mtu mmoja anaweza kusimama karibu na mzee amkumbushe upande. Thelma akasema hapana. Alipogeuka alimwona baba yake akichunguza ua la waridi lililokuwa halina kitu cha kuchunguzwa.

Watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi pande zote nne. Percy Tonge, mwenye duka la samaki wa kukaanga, alikuwa pale pale anapokaa kila mwaka, na mdomo wake ulikuwa pale pale. Hapo huwa wanaweka dau, si siri, lakini siku hiyo Percy hakupokea dau juu ya nani atashinda. Alipokea juu ya mzee atakosea upande mara ngapi. Na watu waliweka, wakicheka kwa pembe ya mdomo, watu ambao Wilf aliwatengenezea mitambo yao ya kufumia miaka na miaka.

Nora alilisikia hilo. Alikaa, akasimama, akakaa benchi jingine.

*

Mchezo ni mpaka pointi ishirini na moja. Kila mmoja ana matufe mawili, wanatupa kwa zamu, na lililo karibu zaidi na jeki ndilo lenye pointi. Anayeshinda mzunguko ndiye anayetupa jeki mzunguko unaofuata, na sheria ni kwamba anayetupa jeki lazima amwambie mwenzake ametupa kwa upande gani, kusudi wote wacheze wakijua. Kwa hiyo uwanja mzima wa Harrowclough siku ya fainali ni swali hilo hilo na jibu hilo hilo, mchana kutwa. Gumba au kidole? Gumba. Gumba au kidole? Kidole.

Mwanzoni Wilf alikuwa moto. Mwili ulikumbuka. Aliinama, mkono ukaenda, tufe likapanda nundu likateremka likalala karibu na jeki kama paka karibu na jiko. Alitangulia. Nora akapumua. Kisha ukaja mzunguko ambao Thelma alitupa jeki, akamwambia baba yake ni kidole, akacheza tufe lake, na Wilf alipokanyaga kile kipande cha mpira cha kuanzia akasimama.

"Umesema gumba?"

"Kidole, baba."

Akainama. Akanyanyuka. Akamuuliza tena, safari hii akitabasamu, kana kwamba anampima.

"Mwandikie mkononi, dada," Percy akasema, na benchi lake likacheka.

Wilf alicheza, likaenda vizuri. Lakini shingo yake ilikuwa nyekundu, na tangu hapo hakuuliza tena. Alikuwa radhi kukosea kuliko kuuliza, na alikosea. Tufe lilitoka mkononi mwake zuri kabisa, lenye nguvu ya kutosha, likaelekea upande usio wake, na huo ni msiba wa aina yake, kwa maana kila mtu uwanjani huujua tangu hatua ya tatu na tufe lenyewe bado lina safari ndefu. Wanalisindikiza kwa macho. Percy alinyanyua kidole kimoja juu kuonyesha hesabu.

Thelma aliona. Tangu mzunguko uliofuata, alianza kuongea na tufe lake. "Gumba wewe, nenda," anasema kabla ya kulitupa. "Gumba, usinichezee." Hata baba yake akiwa anajiandaa, yeye alikuwa kando anafuta tufe lake la pili akinong'ona gumba, gumba, kama mtu mwenye wazimu kidogo. Hakumtazama baba yake. Watu walidhani ni hofu ya fainali. Nora peke yake alielewa kwamba maneno yale ni ya masikio ya mzee, na akajua kuwa kile kimya cha jikoni alikihesabu sawasawa. Akaanza kulia kidogo, akajifanya ni jua.

Wilf akarudi juu. Binti akamfuata. Wakawa wanapishana pointi moja moja, na mabenchi yakaacha kucheka, hata kule kwa Percy, maana mchezo mzuri humfunga mtu mdomo. Kumi na nane, kumi na tisa. Thelma ishirini, Wilf kumi na tisa. Halafu Wilf akashinda mzunguko mmoja, na wakawa ishirini kwa ishirini, na jeki mkononi mwa mzee.

*

Wilf aliitupa jeki. Ilikwenda mbali, ikapita bega la nundu, ikakata kulia wazi wazi, ikasimama karibu na mlango wa jiko la baa. Kidole. Hata mtoto mchanga aliyekuwa pale angekuambia kidole.

"Gumba au kidole, baba?" Thelma akauliza, kama sheria inavyotaka.

Wilf akamtazama. "Gumba," akasema.

Seddon akainamisha macho kwenye uzi wake wa kupimia. Thelma alikuwa na haki ya kulalamika, jeki ikarudishwa, lakini kulalamika ni kusema mbele ya Harrowclough yote kwamba baba yangu hajui alichofanya dakika hii hii. Hakulalamika. Wilf akachukua tufe lake la kwanza, akalishika gumba, akalituma. Lilikwenda vizuri, likakata kushoto, likazidi kukata, likatoka uwanjani likaanguka mtaroni.

Percy hakunyanyua kidole. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Thelma akacheza kidole. Lilisimama hatua moja nyuma ya jeki. Si zuri, si baya. Kisha ikawa zamu ya Wilf na tufe lake la mwisho.

Hakuinama. Alisimama akiligeuza lile tufe, gumba lake likitafuta doa, likilipata, likilipoteza. Alitazama jeki. Alitazama mtaroni, lilipolala lile la kwanza. Watu walisubiri. Seddon alikohoa. Ndipo Wilf aliposhuka kwenye kile kipande cha mpira, akamwendea binti yake, akasimama karibu naye hata kofia zao zikagusana, na akamwambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu.

"Thelma. Sikumbuki nimetupa vipi."

Hakusema nilikuwa nakupima.

"Kidole, baba," Thelma akasema. "Ilikata kulia. Ni ndefu kuliko unavyodhani."

"Kidole."

"Kidole."

Wilf akarudi akisema neno lile kwa midomo, akainama upesi kabla halijamtoroka, akalituma. Watu wa benchi la jikoni waliinuka. Tufe lilipanda pole, likakaa juu ya nundu kama limechoka, likajigeuza, likaanza kuteremka kulia, taratibu, taratibu, likasimama kiasi cha kiganja kutoka kwenye jeki. Mlio uliotoka kwenye mabenchi yale sijapata kuusikia tena, na kofia ya Percy Tonge ilikuwa hewani.

Likabaki tufe moja la Thelma.

Alilichukua. Alimwona mama yake ng'ambo, amesimama, mikono yote miwili imeshika mkoba. Nora hakutikisa kichwa wala hakukonyeza. Hakuhitaji. Ilikuwa kazi ya inchi mbili tatu, kuligeuza tufe ndani ya kiganja, doa lihame kutoka kidoleni kwenda gumbani. Kila mtu hukosea. Kasisi alikosea. Jina la Wilf Haslam lingekwenda ubaoni, na Thelma angempeleka mwenyewe akalione, na kama kesho asingekumbuka, angeoneshwa tena.

Gumba la Thelma lilisogea. Wilf alikuwa kando yake, karibu kuliko inavyoruhusiwa. Hakuwa akitazama jeki. Alikuwa akitazama mkono wa bintiye, mkono ambao yeye ndiye aliyeufundisha, nyuma ya nyumba, kwa viazi mviringo kabla hajamnunulia matufe.

"Usinitupie mkate, Thelma," akasema taratibu. "Mimi si bata."

Thelma alivuta pumzi. Akalirudisha doa mahali pake. Akainama, akalituma kidole, akanyanyuka, na hakulifuata kama wachezaji wanavyolifuata tufe lao, alisimama pale pale amefumba macho. Kwa hiyo hakuliona likipanda, wala likigeuka, wala likiteremka kwenye njia ile ile ya tufe la baba yake hata watu wakadhani litaligonga. Lilipita katikati ya tufe na jeki. Lilisimama limeigusa jeki, kidogo tu, kama mtu anavyomgusa mgonjwa.

Seddon alikuja na uzi wake. Hapakuwa na haja. Wilf alitembea hadi pale, akapiga goti kwa shida, akatazama. Mtu wa Harrowclough akishindwa hasemi nimeshindwa. Huokota tufe lake. Wilf akaokota lake, akalifuta kwenye suruali, akalitia begini. Begi lilikuwa begani mwake na alijua liko wapi.

*

Jikoni mwa baa Thelma alikuwa akijaza birika. Nora aliingia nyuma yake, akafunga mlango, kama alivyofanya asubuhi.

"Nilikuomba kitu kimoja," akasema.

"Aliona, mama. Aliniona mkono."

"Aliona nini? Hawezi kuona..."

"Aliniambia yeye si bata."

Nora alichukua kitambaa akafuta ukingo wa sinki, akazunguka akafuta na mlango wa jiko. Thelma alidhani hatasema neno tena mpaka Krismasi, maana anamjua. Birika likaanza kuimba. Nora akakitupa kile kitambaa, akafungua kopo la majani.

"Unatia machache," akasema. "Anataka mkali. Lete hapa."

Wakatoka. Watu walikuwa wamefanya duara kwenye nyasi, na Wilf ameketi kwenye kile kiti cha Bibi Seddon alichokikataa mchana. Thelma alimiminia chai mbele yao wote, maziwa kidogo, sukari mbili. Wakapiga makofi. Percy Tonge alikuja akataka kusema kitu, akashika kofia, akaishia kumwambia Wilf kwamba tufe lile la mwisho, mzee Haslam, tufe lile. Wilf akamwambia kama ameshinda dau lake aje na samaki, na asilete mkia.

Kisha watu wakatawanyika kwenda kunywa, kama kawaida, wakabaki watatu. Jua lilikuwa limeingia nyuma ya ghala la mazulia. Wilf alikunywa, akatazama uwanja, akanywa tena. Uso wake ulikuwa umeanza kwenda mbali, kama unavyokwenda jioni jioni, na Nora alisogeza kiti karibu. Thelma alikuwa amechuchumaa kwenye nyasi na birika magotini. Hakuuliza kitu. Aliogopa kuuliza, kwa maana aliona huenda hata birika lenyewe baba yake sasa hivi halijui ni la nani.

Wilf alinyoosha kidole, akaligonga birika kwenye lile bonyeo. Likalia.

"Nyeusi," akasema.

"Nini, baba?"

"Mbaazi yangu." Akampa kikombe amwongezee. "Ilikuwa nyeusi. Nilikuwa nimekuona ukicheza kule nyuma ya nyumba. Nikasema siku wakimwachia huyu kuingia humu, mimi birika sitalipata kamwe."